Ukimuuliza mzazi mlangoni pa wodi amehudumiwaje, unategemea aseme nini? (Uzi wa tafiti za uzazi na vijana, Dodoma)

#1 Mdadisi Mstaafu

Wakuu salaam.

Kila ikitoka ripoti ya afya ya uzazi, jukwaa linachangamka kwa asilimia. Mimba za utotoni asilimia kadhaa, akina mama walioridhika na huduma asilimia kadhaa, wanaume wanaosindikiza wake zao kliniki asilimia kadhaa. Halafu tunabishana wee, kana kwamba namba zile zimeshuka na mvua. Mimi nimefanya udadisi miaka kadhaa mkoa huu, Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa, mara nyingine tunavuka hadi Manyoni. Hoja yangu ni moja tu: kabla hujabishana na namba, uliza swali liliulizwa wapi, liliulizwa na nani, na nani mwingine alikuwa anasikia.

Nianze na leba, maana huko ushahidi uko wazi. Kuna utafiti ulifanyika kwenye hospitali ya Dar es Salaam, ukachapishwa 2016. Akina mama waliulizwa saa chache tu baada ya kujifungua kama walitukanwa, walipigwa, walipuuzwa au walidhalilishwa kwa namna yoyote. Asilimia 15 wakasema ndiyo. Kundi dogo likafuatwa tena kati ya wiki ya nne na ya sita, likaulizwa yale yale. Safari hii asilimia 70 wakasema ndiyo. Tanga nako, Korogwe na Muheza, waliulizwa wakiwa wanatoka kituoni, ikawa asilimia 19. Walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, ikapanda hadi 28.

Sasa chukua picha ya wodini. Mama ametoka leba, mtoto amelala pembeni, kadi yake ya kliniki bado iko mezani kwa nesi na ruhusa haijaandikwa. Nje mkwe na wifi wamekaa na chupa ya uji. Anatokea binti ana kishikwambi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na manesi wote wamemwona akitoka ofisini kwa mganga mfawidhi. Anainama, anauliza kwa sauti ya chini: "Je, kuna mhudumu aliyekutolea lugha isiyofaa?" Mama anaangalia kwanza meza ya nesi. Hapo jibu umeshalipata, ila kishikwambi hakina kitufe cha macho. Unabonyeza "Hapana", unaendelea na swali linalofuata.

Tena si woga peke yake. Ametoka salama na mtoto analia, moyo umejaa shukrani. Na anajua mimba ijayo atarudi pale pale, kwa nesi yule yule.

Vijana sasa. Sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu mapenzi ya wanafunzi kinatokana na madodoso yanayojazwa darasani, dawati moja watoto watatu, mwalimu wa nidhamu amesimama mlangoni "kuhakikisha utulivu". Mvulana anachungulia karatasi ya mwenzake kabla ya kujaza amewahi kuwa na wapenzi wangapi, naye anaongeza mmoja. Msichana anafunika karatasi kwa mkono mzima na kuandika hajawahi. Mwanza, kwenye utafiti wa MEMA kwa Vijana, mradi wa elimu ya uzazi ulioanza miaka ya tisini mwishoni, walikwenda mbali zaidi wakapima damu na mkojo. Wasichana wengi waliokutwa na ujauzito au magonjwa ya zinaa walikuwa wamejibu kwamba hawajawahi kukutana na mwanaume. Na mradi wenyewe, baada ya miaka ya mafunzo shuleni, uliinua maarifa na majibu mazuri kwenye dodoso, lakini maambukizi ya VVU na malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua. Majibu yalibadilika kuliko maisha.

Na mnamshangaa huyo binti kwa lipi? Ana miaka 16. Akikubali ana mpenzi, kwa Kanuni za Adhabu kijana yule kabaka, hata kama walikubaliana. Akiwa mwanafunzi na akapata mimba, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamsubiri kijana na miaka 30 jela. Wakati huo huo Sheria ya Ndoa ya 1971 iliandikwa ikiruhusu aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akiridhia. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikishinda kifungu hicho Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani ikaridhia 2019. Kwa hiyo binti anapoulizwa na mgeni kuhusu mapenzi yake, ni kama ameitwa kutoa ushahidi. Akinyamaza, mimi simlaumu.

Mila za mke na mume ndiyo ngumu kuliko zote. Dodoso linauliza: "Katika kaya hii, nani huamua mama mjamzito aende hospitali?" Nimeliuliza swali hilo nyumba nyingi za tembe. Mama yuko mbele yangu, mkwe yuko hatua tatu pembeni anachambua mlenda, kainamisha kichwa kama hasikii. Jibu huwa "tunashauriana". Mkwe akiondoka kwenda kuangalia mbuzi, ukirudia swali kwa njia nyingine, unasikia habari tofauti kabisa.

Wenzetu wa utafiti wa kitaifa wa demografia na afya, TDHS, angalau hili wanalijua. Sehemu ya ukatili wa majumbani anaulizwa mwanamke mmoja tu kwa kaya, tena faragha, na mtu akitokea mdadisi anasimamisha. Lakini swali la nani anaamua halina ulinzi huo.

Karibuni. Manesi, walimu, boda, nyote mna la kusema hapa.

#2 Zabibu Chachu

Nimekaa siti ya mbele. Endelea mkuu.

#3 Takwimu Kwanza

Mleta uzi, hoja yako ina nguvu lakini umeruka kitu. Wale wa asilimia 15 Dar walikuwa kama 1,900. Wale wa asilimia 70 walikuwa 64. Huwezi kuziweka namba hizo bega kwa bega halafu ukapita. Isitoshe, mtu akikaa nyumbani wiki sita ameshasimuliwa na majirani, ameshapata msamiati wa kulalamika. Huenda ya wodini ndiyo kweli, na ya nyumbani imekuzwa na vijiwe vya kusukana.

Na usitutie shaka kwa kila kitu. TDHS 2015-16 wanawake waliojifungulia kituoni walikuwa asilimia 63, 2022 wakafika 81. Mabinti wa 15 hadi 19 waliozaa au wajawazito walishuka kutoka 27 hadi 22. Huo ni mwendo mzuri, tuuseme.

#4 Mdadisi Mstaafu

@Takwimu Kwanza, 64 ni wachache, ndiyo maana nikaweka na Tanga, ambako waliofuatwa walikuwa wengi na namba ikapanda vile vile, ingawa kwa kiasi. Na Dar waliweka watu wakae leba waangalie kwa macho yao. Akina mama walioonekana wakipimwa njia bila kuambiwa, au wamelala wazi bila pazia, ni wengi kuliko waliolalamikia hilo. Kwa hiyo vijiwe vya kusukana havikuzua.

Namba ya kujifungulia kituoni naiamini. Ni tukio, lina tarehe, lina kadi, na mama hana sababu ya kulificha. Ukitoka kwenye "ulijifungulia wapi" ukaenda "ulihudumiwaje", umeingia maji mengine.

#5 Nesi Zamu ya Usiku

Nilitaka kupita kimya nikashindwa. Mimi ni muuguzi mkunga, kituo cha afya, wilaya siitaji.

Usiku tunakuwa wawili, mwenzako akiitwa upande wa wagonjwa wa nje unabaki na leba peke yako. Vitanda vya kuzalia viwili, akina mama wanne, mmoja presha iko juu na gari la rufaa bado liko njiani. Wa pili kichwa cha mtoto kimeonekana na anabana miguu. Hapo sauti inapanda, na kofi la paja nimeliona likitoka kwenye mikono ya watu wema kabisa. Siyo sifa. Ila sikilizeni kinachotokea asubuhi. Mama yule yule pamoja na mama yake mzazi wanakuja na soda: "Asante sana nesi, bila wewe mtoto angekufa."

Sasa mdadisi amuulize huyo "ulipigwa?" Atasema hapana, na wala hadanganyi. Kwake kile hakikuwa kipigo, ilikuwa msaada. Toka kuvunja ungo ameambiwa uzazi ni vita ya mwanamke, na anayepiga kelele leba anaaibisha kwao. Kwa hiyo mleta uzi, kadi mezani ni sehemu tu ya maelezo. Hata ungemuuliza mwezini, bila nesi, bila mkwe, angesema amehudumiwa vizuri. Malezi yalishamjibia.

Mwongozo wa huduma zenye staha tunao tangu 2019. Msindikizaji leba mimi nakubali mia kwa mia. Kigoma walijaribu kati ya 2016 na 2018 na wahudumu wenyewe wakasema wasindikizaji wanasaidia, wanampa mama maji, wanamkanda mgongo, wanaita nesi mapema. Lakini kwetu vitanda vile viwili vimetenganishwa na hewa. Nikimwingiza mkwe wa huyu, anamwona mke wa jirani yake akiwa mtupu, kesho kijiji kizima kina habari. Nunueni pazia ndipo mje na semina.

Jambo la mwisho, umri. Anakuja binti na mtu anayejiita shangazi. Sura ya kidato cha pili. Nauliza umri, shangazi anadakia: kumi na tisa. Naandika 19 kwenye MTUHA, daftari la takwimu za kituo. Nikianza kuhoji kama polisi, hudhurio lijalo haonekani, atazalia kwa bibi. Mkichambua takwimu za vituo mkakuta mabinti wa miaka 19 wamefurika na wa 16 ni wachache, msishangilie.

#6 Boda Sabasaba

Hahahaha hapo kwenye wanaume wanaosindikiza wake zao kliniki, na mimi nimo kwenye hiyo asilimia.

Hudhurio la kwanza wanataka mje wawili mpime VVU pamoja. Mwanamke ambaye mume yuko machimboni Mererani, au yupo lakini kagoma, anaambiwa alete barua ya mtendaji. Mtendaji hayupo, au anataka chochote. Basi ananipigia mimi. Elfu tano na nauli ya kwenda na kurudi. Nakaa benchi, naitwa baba fulani, natobolewa kidole, nasikiliza somo, natikisa kichwa. Dalili za hatari nazijua kwa moyo: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kijiweni kwetu nadhani hakuna aliyepimwa mara nyingi kama mimi.

Tumecheka lakini kuna ubaya. Kwenye kadi ya mama inaandikwa mwenza amepimwa, hana. Mwenza mwenyewe yuko Mererani, hajapimwa, na krismasi anarudi.

#7 Zabibu Chachu

Boda umeniua. Nimecheka mpaka bosi kageuka, halafu nimesoma ile sentensi ya mwisho nikaacha kucheka.

#8 Mama Pacha

Nesi wa #5 nakuheshimu dada yangu, na nakubali mko wachache. Ila mimi nilizalia kituo ambacho sikitaji, na kilichoniumiza hakikuwa kofi. Niliachwa. Niliita, nikaita, nasikia simu inachezeshwa chumba cha pili, pacha wa kwanza akatoka nikiwa na mwanamke mwenzangu wa kitanda cha jirani ndiye kanishika mkono. Kuachwa hakuhitaji pazia kukirekebisha. Wala mimi sikuulizwa na mtafiti yeyote, ningemwambia.

Halafu mleta uzi, kwenye mila uliza na simu. Kule kwetu Chemba mwenye simu ni baba. Siku hizi kuna m-mama, unapiga 115 bure, dereva wa jamii anakuja kukubeba kama gari la wagonjwa liko mbali. Jambo zuri sana. Lakini uchungu ukianza saa nane usiku na baba kalala kilabuni na simu mfukoni, 115 utaipigia kwa kidole? Mdogo wangu alikaa na uchungu mpaka mkwe alipotuma mtoto akaamshe mjumbe ndipo simu ikapatikana. Kwenye dodoso atajibu usafiri ulikuwepo. Ulikuwepo kweli.

#9 Nesi Zamu ya Usiku

Mama Pacha, pole sana mdogo wangu. Hilo la simu chumba cha pili sina utetezi wake.

#10 Mzee wa Makulu

Hizi tafiti zenu ndizo zinawafundisha watoto uzinzi. Binti yangu alirudi na karatasi ya maswali, mengine hata mimi na mama yake hatujawahi kuulizana. Aliyewapa ruhusa ni nani?

#11 Mdadisi Mstaafu

Shikamoo mzee. Kuuliza ruhusa ni haki yako kabisa. Chini ya miaka 18 utaratibu wa maadili unataka mzazi asaini fomu ya ridhaa kwanza, kisha mtoto mwenyewe naye akubali. Kama walimhoji bila wewe kusaini, nenda shuleni ukalalamike, na fomu ile huwa na namba ya simu ya kamati iliyotoa kibali.

Ila nikuambie na upande wa pili, mzee wangu. Fomu ikipelekwa nyumbani, wazazi wanaosaini ni wale wanaoongea na watoto wao. Binti anayelala kwa mjomba anayemsumbua usiku, mjomba hasaini. Mwisho wa siku utafiti unawajua vizuri mabinti wasio na shida, wale wenye shida wamebaki nje ya takwimu kwa sababu mwenye kuwaumiza ndiye mwenye kalamu.

#12 Mzee wa Makulu

Marahaba. Hilo la mjomba sikulifikiria. Karatasi bado sijaipenda.

#13 Ticha Kongwa

Mada ya uzazi kwenye Baiolojia wengi wetu tunaifundisha tukitazama ubao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walijaribu shule za sekondari Dodoma na Lindi njia ya kumpa mwanafunzi kisa cha kutatua badala ya kumhubiria, wakapata kwamba wanafunzi wanajenga ujasiri wa kukataa na kujadiliana kuliko wale waliofundishwa kwa kawaida. Naunga mkono. Ila kwa hoja ya mleta uzi, ujasiri huo nao ulipimwa kwa dodoso.

Mimi natumia sanduku. Boksi la viatu, nimelitoboa juu, liko maktaba, halina jina. Kila Ijumaa nafungua. Wanaandika kwa mkono wa kushoto ili nisitambue mwandiko. "Mara ya kwanza mtu anaweza kushika mimba?" "Dada yangu anasema ukiruka ruka baadaye haishiki." "Mtu akikulipia ada ukamkatalia, ni dhambi?" Hilo la ada liliandikwa na zaidi ya mmoja, wala hakuna dodoso lililonipa hilo.

Na tangu waraka wa 2021 uruhusu waliojifungua warudi darasani, nimempokea mmoja tu aliyerudi kwetu. Wengine wanahamia shule ya mbali wasipofahamika. Ukihesabu waliorudi kwa kila shule utaona kama waraka haufanyi kazi. Unafanya, ila kwa jirani.

#14 Mwana wa Mpwapwa

Mmeongea yote mmesahau ukeketaji. TDHS 2015-16 mkoa wa Dodoma ulikuwa asilimia 47. Ya 2022 ni 18. Na hapo mtasema watu wamedanganya? Au tukubali tu elimu imefika?

#15 Mdadisi Mstaafu

@Mwana wa Mpwapwa, hili swali nililisubiri.

Elimu imefika, hilo silipingi. Lakini piga hesabu kidogo. Wanaoulizwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 2016 bado yumo 2022, na aliyekeketwa hakeketuki. Kwa miaka sita au saba wanaotoka ni wale waliokaribia 50, na wanaoingia ni mabinti. Hata kama katika mabinti walioingia hakuna hata mmoja aliyeguswa, asilimia 47 kwa njia hiyo pekee inateremka hadi thelathini na kitu, haifiki 18. Kuna kingine kimeingia hapo.

Cha kwanza, serikali ilianza kuhamia hapa 2016. Watumishi wakaja na familia kutoka kila kona ya nchi, wakajaa Ihumwa, Nala, Iyumbu. Mkoa wa 2022 una watu wengine, na wengi wao hawatoki kwenye jamii zenye mila hiyo. Cha pili, sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo, namba inayumba. Cha tatu ni ukimya, nacho mimi nakipa uzito mkubwa. Kukeketa binti chini ya miaka 18 ni kosa tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Baada ya hapo ngoma na sherehe zikaondoka, kisu kikahamia kwa watoto wachanga. Mtoto akipata muwasho au maambukizi sehemu za siri, bibi anasema ni lawalawa, dawa yake kukatwa. Maambukizi yenyewe yanaisha kwa usafi na dawa za zahanati. Mtoto yule akifika miaka 20 anaulizwa "umekeketwa?" anasema hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu hakumbuki na hakuna aliyemwambia.

Nesi wa leba anajua. Dodoso halijui.

#16 Nesi Zamu ya Usiku

Tunajua. Tunaona wakati wa kupima njia. Na mama anashangaa ukimwuliza.

#17 Takwimu Kwanza

Hoja ya #15 nimeirudia mara mbili, hesabu imekaa. Nakubali nusu. Na niongeze: hata vifo vya uzazi vilivyoshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, namba hiyo hutokana na wanawake kuulizwa habari za dada zao waliofariki. Kushuka kupo, sote tunaona. Lakini ukubwa wa mshuko huo wenyewe una mashaka mapana pande zote mbili, haufai kubandikwa kwenye bango bila maelezo.

#18 Dogo Chuo

Wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa mwisho uuguzi, utafiti wangu ni huduma za kujifungua Chemba. Msimamizi kasema nikae wodini nijaze madodoso haraka nimalize. Nimesoma uzi huu nimeishiwa nguvu. Bajeti ya kwenda nyumba kwa nyumba sina. Nifanyeje?

#19 Mdadisi Mstaafu

Marahaba dogo. Usivunjike moyo, bajeti ndogo ina njia zake.

Watoto wa wiki sita wanaletwa kwenye chanjo. Hapo unawapata akina mama wengi kwa nauli moja, kadi wanazo mkononi wenyewe, na uchungu umeshapoa. Usikae ndani ya jengo. Tafuta mti upande wa pili wa uzio, kaa chini kama wao. Koti jeupe acha bweni. Nesi asikutambulishe, atakusaidia bure na ataharibu. Kama mkwe kaja naye, nenda na mwenzako wa kike mwenye maneno, yeye aongee na mkwe habari za mtoto, wewe uongee na mama.

Halafu, na hili nimelichukua kwa nesi wa #5, usimwulize hukumu, mwulize kilichotokea. "Uliheshimiwa?" ni swali la kujibiwa ndiyo. Uliza: nani alikuwa chumbani mtoto anatoka? Palikuwa na pazia? Ulipoita, nesi alikuja kabla au baada ya mtoto? Kabla ya kupimwa njia uliambiwa? Kuna mtu aliyekushika mguu au paja, alifanyaje? Uchambuzi utaufanya wewe baadaye, yeye akusimulie tu.

Msimamizi akigoma kabisa, kusanya huko huko wodini, ila kwenye sura ya mbinu andika wazi kwamba waliulizwa wodini kabla ya kuruhusiwa, wahudumu wakiwepo. Usifiche kwenye kiambatisho.

#20 Dogo Chuo

Asante sana kaka. Siku za chanjo Chemba ni zipi?

#21 Nesi Zamu ya Usiku

Kila zahanati ina siku yake. Muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji husika, usimpigie mfawidhi. Na angalia isigongane na siku ya gulio, wanachoma sindano mapema wanakimbilia sokoni, hutampata mtu wa kukaa naye chini ya mti.